Maswali ya Wasomaji: Kitanzi na Maudhi Yake

Tangu safu hii ilipozungumzia njia za uzazi wa mpango za muda mrefu, barua nyingi tunazopokea zimehusu kitanzi, ambacho wengine hukiita lupu au koili, na hasa maudhi yake. Tumechagua zile ambazo maswali yake yanajirudia, tukazifupisha na kuondoa majina. Kabla ya majibu, msomaji akumbuke kwamba vitanzi viko vya aina mbili: kile kilichozungushiwa madini ya shaba, ambacho hakina homoni yoyote, na kile kinachotoa homoni ya levonojestreli kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi. Maudhi ya aina hizi mbili yanatofautiana, na katika jambo la hedhi yanakwenda kinyume kabisa, kwa hiyo nimelazimika kuziweka kando barua zilizoeleza dalili bila kusema mwandishi amewekewa kitanzi kipi.

Swali: Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilitumia sindano kwa miaka kadhaa, kisha miezi minne iliyopita nikawekewa kitanzi cha shaba kwa sababu sikutaka tena dawa yenye homoni. Tangu hapo hedhi yangu imekuwa nzito, hudumu siku saba, na tumbo la chini hunikaza sana siku mbili za mwanzo. Muuguzi aliniambia nivumilie. Nivumilie mpaka lini, na je, damu hii haitanidhuru?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hayo unayoyaeleza ndiyo maudhi makubwa ya kitanzi cha shaba, na ndiyo yanayowafanya wanawake wengi waliokitoa wakitoe. Shaba huziua na kuzidhoofisha mbegu za kiume, na wakati huohuo husababisha mwasho mdogo katika ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, mwasho usiotokana na vijidudu. Ukuta huo hujibu kwa kutoa kwa wingi zaidi kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hufanya misuli ya mfuko wa uzazi ijikaze na damu itoke zaidi. Kwa sababu hiyo hedhi huweza kuongezeka hata kwa kiasi cha nusu ya ile ya kawaida, ikachukua siku nyingi zaidi na kuja na maumivu, na baadhi ya wanawake huona matone katikati ya mwezi. Kwa walio wengi hali hii hupungua kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Muuguzi wako, basi, hakukosea kukuambia usubiri, ila kumwambia mtu avumilie bila kumpa muda wala dawa ni kumwachia nusu ya huduma.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo huenda halikuelezwa ulipobadilisha njia. Sindano hupunguza hedhi, na baada ya kuitumia kwa mwaka au zaidi wanawake wengi hawaoni hedhi kabisa. Unapoiacha na kuwekewa kitanzi cha shaba, hedhi yako ya asili inarudi, kisha juu yake inaongezeka ile inayoletwa na shaba. Ukilinganisha na miaka ya sindano, lazima uone tofauti kubwa mno. Linganisha na hedhi uliyokuwa nayo kabla ya sindano, na kama huikumbuki, anza sasa kuandika siku na idadi ya pedi ili utakaporudi kliniki uwe na maelezo ya kumpa mhudumu.

Kuhusu dawa, zile zinazopunguza prostaglandini hufanya kazi mbili kwa pamoja, yaani kutuliza maumivu na kupunguza damu. Inayopatikana kwa urahisi ni ibuprofeni, na utaratibu unaotumiwa na wahudumu wengi ni miligramu 400 mara mbili kwa siku, baada ya chakula, kwa siku tano, kuanzia siku damu inapoanza kuwa nzito. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, na kila mtu aulize kwanza iwapo anatumia dawa nyingine. Asipirini haifai hapa, kwa kuwa huifanya damu ichelewe kuganda na hivyo kuongeza utokaji. Damu isipopungua, daktari anaweza kukupa asidi ya traneksami, ambayo husaidia damu kuganda na hutumika siku chache tu za hedhi.

Umeuliza kama damu hii itakudhuru. Damu yenyewe haidhuru kwa siku moja, lakini ikitoka kwa wingi kila mwezi humaliza akiba ya madini ya chuma mwilini, na mwanamke aliyezaa mara tatu mara nyingi huwa na akiba ndogo tangu mwanzo. Omba upimwe wingi wa damu. Ukikutwa umepungukiwa, utapewa vidonge vya madini ya chuma, na hapo wewe na mhudumu mtaamua kama uendelee na kitanzi hiki. Kwa kawaida hedhi huitwa nzito inapofikia mara mbili ya ile uliyoizoea, au inapozidi siku nane. Siku zako saba bado hazijafika huko, lakini wingi wake ndio unaohitaji kuangaliwa. Ukiloanisha pedi nzima ndani ya saa moja, kwa saa kadhaa mfululizo, au ukisikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nakuongezea jambo ambalo hukuuliza. Maelezo yote hayo yanahusu damu iliyoongezeka tangu kitanzi kilipowekwa. Mwanamke aliyekaa na kitanzi miaka miwili bila shida, kisha damu ikaanza ghafla kutoka ovyo, au akaona damu baada ya kujamiiana, asikilaumu kitanzi na kuishia hapo. Huenda kimeshuka kutoka mahali pake, huenda ana mimba, maambukizi, uvimbe katika mfuko wa uzazi, au tatizo katika mlango wa kizazi, na yote haya yanahitaji uchunguzi.

Swali: Niliwekewa kitanzi chenye homoni mwaka jana. Miezi ya mwanzo nilikuwa na matone ya damu karibu kila siku, na sasa sijaona hedhi kwa miezi mitatu. Pia nimepata chunusi, na mara nyingine najisikia mnyonge bila sababu. Rafiki yangu anasema damu inayokosa kutoka inakusanyika ndani na itageuka kuwa uvimbe. Nakiogopa kitanzi hiki sasa.

Jibu: Dada yangu, hakuna damu inayokusanyika. Hedhi ni ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaojengeka kila mwezi kisha ukabomoka; homoni ya kitanzi hiki huufanya ukuta huo ubaki mwembamba, na usipojengeka hakuna cha kubomoka. Ile miezi ya matone ndiyo kipindi ambacho ukuta ulikuwa ukipungua, na huchukua kati ya miezi mitatu na sita kwa wengi. Baada ya mwaka mmoja, takribani mwanamke mmoja kati ya watano wanaotumia kitanzi chenye miligramu 52 za homoni hukosa hedhi kabisa, na wengine hubaki na hedhi nyepesi ya siku chache. Upungufu huu wa damu ya hedhi ni mkubwa kiasi kwamba madaktari hukitumia kitanzi hiki kuwatibu wanawake wenye hedhi nzito, hata wale wasiohitaji kuzuia mimba. Hata hivyo, kwa kuwa hedhi yako imekatika miezi mitatu tu iliyopita, pima mimba mara moja ili uondoe shaka, hasa ukiwa na kichefuchefu au maumivu upande mmoja wa tumbo.

Chunusi, maumivu ya kichwa, matiti kuuma na mabadiliko ya hisia ni maudhi yanayofahamika ya homoni hii. Kitanzi hutoa takribani mikrogramu 20 kwa siku mwanzoni, kisha kiasi hicho hupungua kadiri miaka inavyopita. Sehemu kubwa ya homoni hufanya kazi palepale katika mfuko wa uzazi, lakini kiasi kidogo huingia katika damu, na miili haiko sawa katika kukipokea. Unyonge ulioutaja usiupuuze wala usikubali kuambiwa kwamba ni mawazo tu. Uandike unapoanza na unapoisha, utafakari kama ulikuwapo kabla ya kitanzi, na ukizidi hadi kukuzuia kazi au usingizi, mweleze daktari. Kubadilisha njia kwa sababu hiyo ni uamuzi halali kabisa.

Huenda siku moja ukipimwa kwa ultrasaundi ukaambiwa una kivimbe cha maji kwenye ovari. Vivimbe vya aina hiyo huonekana kwa baadhi ya wanaotumia kitanzi cha homoni, mara nyingi havina dalili, na vingi hutoweka vyenyewe ndani ya miezi michache bila upasuaji. Nadhani hapo ndipo rafiki yako alipopata habari ya uvimbe, akaichanganya na damu.

Swali: Mimi ni mwanamume. Mke wangu ana kitanzi na wakati wa tendo la ndoa nahisi kitu kama uzi mgumu kinanichoma. Je, kinaweza kunijeruhi?

Jibu: Kaka yangu, hakikujeruhi. Unachokihisi ni ncha za nyuzi zinazoning'inia kidogo kutoka mlango wa kizazi, ambazo huwa ngumu wiki za mwanzo na hulainika baadaye. Zikiendelea kukusumbua, mkeo arudi kliniki zikatwe ziwe fupi zaidi. Ni kazi ya dakika chache, ingawa zikifupishwa sana yeye hataweza tena kuzigusa kwa kidole ili kuhakikisha zipo. Lakini kama unachohisi ni kitu kigumu na kinene, si uzi, huenda ni sehemu ya plastiki ya kitanzi inayotokeza. Hapo tumieni kondomu na mkeo akaangaliwe mapema, kwa maana kitanzi kilichoshuka hakizuii mimba ipasavyo.

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 23 na sijazaa. Ningependa kitanzi, lakini shangazi yangu amenikataza, akisema enzi zao kitanzi kiliwafanya wasichana wawe wagumba. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba binti yangu. Shangazi yako hakulitunga jambo hili, na ningependa umsomee jibu hili kwa heshima. Mwaka 1971 kilianza kuuzwa Marekani kitanzi kilichoitwa Dalkon Shield. Uzi wake haukuwa uzi mmoja, bali ulikuwa fungu la nyuzi nyembamba nyingi ndani ya ala moja, na vijidudu vilipanda kupitia humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kutoka ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Wanawake wengi walipata maambukizi makali, wako waliopoteza uwezo wa kuzaa, na wako waliokufa. Kiliondolewa sokoni nchini humo mwaka 1974, na kampuni iliyokitengeneza ilielemewa na kesi hadi ikaomba kinga ya ufilisi mwaka 1985. Hofu iliyobaki iliwagusa watengenezaji wote, hata wale ambao vitanzi vyao havikuwa na kasoro hiyo. Vitanzi vya leo vina nyuzi laini, kila uzi ukiwa mmoja usio na uwazi ndani.

Hatari ya maambukizi haijafutika kabisa, bali imejulikana mahali ilipo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba maambukizi ya nyonga huongezeka hasa katika siku 20 za kwanza baada ya kuwekewa, kisha hushuka na kubaki chini. Maana yake ni kwamba tatizo ni vijidudu vinavyosukumwa ndani wakati wa kuweka, hasa kwa mwanamke ambaye tayari ana kisonono au klamidia bila kujua. Aidha, utafiti uliofanywa Mexico kwa karibu wanawake 1,900 na kuchapishwa mwaka 2001 haukuona kwamba kutumia kitanzi cha shaba kuliongeza kuziba kwa mirija ya uzazi. Walioonekana kuathirika zaidi ni waliokuwa na dalili katika damu za kuwahi kuambukizwa klamidia. Kinachoziba mirija ni ugonjwa wa zinaa usiotibiwa.

Kwa hiyo kabla ya kuwekewa eleza bila kuficha kama unatokwa na uchafu usio wa kawaida, kama una maumivu ya nyonga, na kama wewe au mwenzako ana mahusiano mengine. Mwenye maambukizi hutibiwa kwanza, kisha akawekewa. Kitanzi hakikukingi na VVU wala magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo kondomu bado ina nafasi yake. Ukiona homa, maumivu makali ya tumbo la chini au uchafu wenye harufu mbaya katika wiki za mwanzo, usingoje siku ya miadi. Maambukizi yakigunduliwa mapema hutibiwa kwa antibiotiki, na mara nyingi kitanzi hakihitaji kutolewa iwapo hali inapata nafuu ndani ya siku mbili au tatu.

Kwa kuwa hujazaa, yapo mawili ya kujiandaa nayo. Uwekaji huuma zaidi kwa asiyezaa, na wengine husikia kizunguzungu au kuzimia kidogo mezani. Uliza mapema kuhusu dawa ya kutuliza maumivu au ganzi, na usione haya kumwambia mhudumu asimame. La pili, uwezekano wa kitanzi kutoka chenyewe ni mkubwa kidogo kwako. Hakuna kati ya hayo kinachokuzuia kukitumia, na kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi bila kuchelewa.

Swali: Nimejipapasa kama nilivyofundishwa lakini sizioni nyuzi za kitanzi changu cha shaba. Nilikiwekewa nikiwa nanyonyesha, mtoto akiwa na miezi miwili. Jirani ananitisha kwamba kinaweza kupanda hadi kwenye moyo.

Jibu: Dada, kwenye moyo hakifiki. Hakuna njia itokayo kwenye mfuko wa uzazi hadi kifuani. Lakini kutoziona nyuzi ni jambo la kufuatilia, na kuanzia leo mtumie kondomu mpaka ujue kilipo.

Mara nyingi nyuzi zimejikunja tu na kuingia katika mlango wa kizazi. Inawezekana pia kitanzi kilitoka bila wewe kujua, hasa wakati wa hedhi. Kati ya wanawake 100 waliowekewa, wawili hadi kumi hukipoteza kwa njia hiyo katika mwaka wa kwanza, wengi wao katika miezi mitatu ya mwanzo. La tatu ni adimu: kitanzi kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi na kuingia tumboni, jambo linalotokea kwa mwanamke mmoja au wawili kati ya 1,000, na karibu kila mara mwanzo wake ni wakati wa kuwekwa. Nimefurahi kwamba umetaja unyonyeshaji, kwa maana kunyonyesha na kuwa karibu na uzazi huongeza uwezekano huo. Bado ni mdogo, na wanaonyonyesha hawakatazwi kitanzi, lakini mhudumu anapaswa kuujua anapokuchunguza.

Kliniki utapimwa mimba kwanza, kisha mhudumu atazitafuta nyuzi katika mlango wa kizazi, na asipozipata utapelekwa ultrasaundi. Kitanzi kisipoonekana ndani ya mfuko wa uzazi, kupiga eksirei ya tumbo ni lazima, kwa sababu bila picha hiyo hakuna awezaye kusema kwa uhakika kwamba kilitoka. Kikikutwa tumboni hutolewa kwa upasuaji mdogo wa matundu.

Kuhusu mimba, kitanzi cha shaba hushindwa kwa chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 katika mwaka wa kwanza. Ikitokea, fika hospitali mapema kwa sababu mbili. Mimba inayopatikana juu ya kitanzi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutunga nje ya mfuko wa uzazi, takribani sita hadi nane katika kila mimba 100 za aina hiyo, ingawa kwa jumla mwenye kitanzi yuko mbali zaidi na hatari hiyo kuliko asiyetumia njia yoyote, kwa kuwa mimba zenyewe ni chache. Na kama mimba imetunga mahali pake, kukiacha kitanzi humo huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya maambukizi makali, hivyo hutolewa mapema iwapo nyuzi zinafikika.

Swali: Nimeenda mara kadhaa kuomba kitanzi changu cha shaba kitolewe kwa sababu ya maumivu, na kila mara naambiwa nisubiri kwa sababu muda wake haujaisha. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, miaka kumi au zaidi ya kitanzi cha shaba ni kikomo cha ufanisi wake, si deni unalodaiwa. Mhudumu anaweza kukueleza faida ya kusubiri na kukupa dawa, lakini ukishaeleza kwamba unataka kitolewe, anapaswa kukitoa, na hulazimiki kutoa sababu. Rudi useme hivyo waziwazi, umwombe msimamizi wa kliniki, au nenda kituo kingine. Usikivute mwenyewe, kwa kuwa uzi unaweza kukatika na kazi ikawa ngumu zaidi. Kitanzi kinaweza kutolewa siku yoyote ya mwezi na kwa kawaida huchukua dakika chache tu. Kama hutaki mimba kwa sasa, anza vidonge au njia nyingine siku saba kabla ya kukitoa, au usijamiiane bila kondomu katika siku hizo saba, kwa sababu mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wako kwa siku tano hivi na kinga ya kitanzi cha shaba huisha siku hiyohiyo kinapotolewa.